Mazao ya nishati: Mwenye mnunuzi mmoja hana soko

KILA bei ya mafuta ghafi inapopanda katika soko la dunia, hazipiti siku nyingi kabla habari za mazao ya nishati hazijaanza kusikika tena mijini na vijijini. Mkulima huambiwa kuwa mbegu fulani itamtoa katika umaskini, mwenye mtaji mdogo huombwa kununua hisa au kuchangia shamba, na mfanyabiashara wa mazao huulizwa kama yuko tayari kuwa wakala wa kukusanya mbegu.

Ahadi hizo si zote za uongo. Yapo mazao ambayo yamekuwa yakiendesha magari kwa zaidi ya miaka 40, na wapo waliotajirika kwayo. Lakini wapo pia waliopoteza mitaji yao, na wengine mashamba.

Tofauti kati ya makundi haya mawili haitokani na rutuba ya ardhi peke yake. Historia ya biashara hii inaonyesha jambo moja waziwazi: zao lililokuwa na mnunuzi wa pili lilinusurika, na zao lililomtegemea mnunuzi mmoja lilianguka pamoja naye.

AINA MBILI ZA MAFUTA

Mafuta yatokanayo na mimea yako ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ethanoli, yaani spiriti, ambayo huchanganywa na petroli. Ethanoli hutokana na mazao yenye sukari kama miwa, au yenye wanga kama mahindi na muhogo. Sukari huchachushwa kwa hamira, kisha huchemshwa na mvuke wake hupozwa hadi ipatikane spiriti.

Aina ya pili ni dizeli ya mimea. Hii hutokana na mbegu au matunda yenye mafuta kama vile mawese, soya, alizeti, mbono na nyonyo. Mafuta hukamuliwa, kisha huchanganywa na spiriti ya methanoli pamoja na magadi makali ili yawe mepesi na yafae kwa injini. Katika kazi hiyo hupatikana pia gliserini, ambayo hununuliwa na viwanda vya sabuni na vipodozi.

Kwa upande wa vipimo, tani moja ya miwa hutoa lita 70 hadi 85 za ethanoli, na tani moja ya mahindi hutoa lita 400 hivi. Asiyejua hesabu anaweza kudhani mahindi yana faida zaidi. Lakini hekta moja ya miwa iliyotunzwa vizuri hutoa tani 70 au zaidi, yaani lita 5,000 hadi 6,000 za ethanoli. Mkulima anayevuna tani mbili za mahindi kwa hekta hawezi kupata zaidi ya lita 800, na chakula cha nyumbani kitakuwa kimekwisha.

Aidha, mfanyabiashara akumbuke kuwa lita ya ethanoli haina nguvu sawa na lita ya petroli. Nguvu yake ni kama theluthi mbili tu. Ndiyo maana madereva wa Brazil wana kanuni yao: ethanoli inanunulika ikiwa bei yake haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli. Kwa mfano, petroli ikiuzwa shilingi 3,000 kwa lita, ethanoli inayozidi shilingi 2,100 ni hasara kwa dereva, hata kama bango la kituo linaonyesha kuwa ni rahisi.

BRAZIL: KIWANDA CHENYE MILANGO MIWILI

Nchi iliyofika mbali katika ethanoli ya miwa ni Brazil. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango uitwao Proálcool mwezi Novemba 1975. Wakati huohuo bei ya sukari duniani ilikuwa imeporomoka, kwa hiyo mpango huo uliwasaidia pia wenye viwanda vya sukari waliokuwa wanaelemewa.

Magari ya kutumia ethanoli tupu yalianza kuuzwa mwaka 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari tisa katika kila magari kumi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya aina hiyo.

Hata hivyo, mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi ilianguka, na baadaye bei ya sukari ikapanda. Wenye viwanda wakageukia sukari. Mwaka 1989 na 1990 ethanoli ikaadimika vituoni, na wenye magari yasiyoweza kutumia petroli wakabaki hawana pa kukimbilia. Imani ya wanunuzi ilipotea kwa zaidi ya miaka kumi.

Kilichoirudisha ni gari lenye uwezo wa kutumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili. Magari hayo yaliingia sokoni mwaka 2003. Tangu hapo kiwanda kina milango miwili, na dereva naye ana milango miwili. Kila msimu mwenye kiwanda hutazama bei ya sukari na bei ya ethanoli, kisha huamua miwa mingi iende wapi. Makapi ya miwa huchomwa kuendesha mitambo, kwa hiyo kiwanda hakinunui nishati kutoka nje. Mwezi Agosti 2025 kiwango cha ethanoli kinachochanganywa katika petroli ya nchi hiyo kilipandishwa kutoka asilimia 27 hadi 30.

Funzo kwa muuza sukari wa Afrika Mashariki ni kwamba bei ya mafuta ghafi si habari ya wenye vituo vya petroli peke yao. Mafuta yakipanda bei, miwa ya Brazil huvutwa kwenye ethanoli, na sukari inayobaki kwa ajili ya soko la dunia hupungua.

Hapa jirani, Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli katika petroli tangu mwaka 1982, kilipoanza kiwanda cha Dwangwa. Kiwanda hicho hakitumii miwa yenyewe bali molasi, yaani uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Kwa nchi isiyo na bandari, inayolipia kila lita ya mafuta safari ndefu ya barabara au reli, hesabu hiyo ina maana.

Kenya nayo ilijaribu. Kuanzia mwaka 1983, spiriti ya molasi kutoka Muhoroni ilichanganywa na petroli kwa kiasi cha asilimia 10. Mpango huo ulikoma mwaka 1993. Lakini kiwanda hakikufa pamoja nao, kwa sababu spiriti ina wanunuzi wengine: watengenezaji wa vinywaji, dawa, rangi na vipodozi. Mnunuzi wa kwanza aliondoka, na wa pili alikuwa mlangoni.

MBONO: ZAO LILILOKOSA MLANGO WA PILI

Habari ya mbono ni kinyume cha hiyo. Mti huu, ambao wengi huuita mbono kaburi kwa kuwa hupandwa makaburini na kwenye mipaka ya viwanja, asili yake ni Amerika ya Kati. Mbegu zake zina mafuta kiasi cha asilimia 35 hivi. Mbuzi na ng'ombe hawali majani yake, na ndiyo maana unafaa kwa uzio.

Miaka ya 2005 hadi 2008, mafuta ghafi yalipokuwa yakipanda bei kila mwezi, mbono ulinadiwa kuwa dhahabu ya kijani. Ilisemekana kuwa unastawi katika ardhi kavu, hauhitaji maji wala mbolea, na hauna ugomvi na chakula. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifikia dola 147. Tarehe 30 Desemba mwaka huo, shirika la ndege la Air New Zealand lilifanya safari ya majaribio ya Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mafuta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya mbono. Sehemu ya mbegu zilizotumika ilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania.

Lakini siku ndege hiyo inaruka, soko lilikuwa limekwisha geuka. Pipa lililouzwa dola 147 mwezi Julai lilikuwa chini ya dola 40 mwezi Desemba.

Mashambani nako hesabu zilikuwa zimeanza kukataa. Ni kweli kwamba mbono haufi katika ardhi kavu. Lakini kutokufa si kuzaa. Mti usiopata maji na rutuba hutoa mbegu chache, na mashamba mengi yaliyotarajiwa kutoa tani kadhaa kwa hekta hayakufikisha hata tani moja. Mwezi Desemba 2009, utafiti uliofanywa Kenya na shirika la misaada la Ujerumani la GTZ pamoja na kituo cha kilimo mseto cha ICRAF na wengine ulihitimisha kuwa mkulima mdogo asipande mbono kama zao la shamba, bali kama uzio tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mashine za kawaida za kukamua, zinahitajika kilo nne hadi tano za mbegu ili kupata lita moja ya mafuta. Tuchukue mfano kwamba dizeli kabla ya kodi ni shilingi 2,000 kwa lita. Hata kama mwenye mashine hatachukua senti, kilo moja ya mbegu haiwezi kuzidi shilingi 400 au 500. Ukiondoa usafiri, ukamuaji na faida ya mnunuzi, mkulima hubaki na nusu ya hiyo au pungufu. Na matunda ya mbono hayakomai kwa pamoja. Huchumwa kwa mkono, kidogo kidogo, kisha humenywa na kuanikwa.

Zao jingine likikosa bei ya kiwandani hupelekwa sokoni, jikoni au kwenye zizi. Mbono hauna pa kwenda. Mbegu zake ni sumu kwa binadamu, na mashudu yake hayalishwi mifugo. Mafuta yake hufaa kwa sabuni na taa, lakini soko hilo ni dogo mno kwa maelfu ya hekta.

Matokeo yake yalionekana Tanzania. Wilayani Kilwa, kampuni ya Bioshape ya Uholanzi, iliyopewa hekta zipatazo 34,000, ilisimamisha kazi mwaka 2009 na kufilisika mwaka uliofuata. Wilayani Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza, iliyokuwa na zaidi ya hekta 8,000, ilisimamisha shughuli mwaka 2011 na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira.

Wenye hisa wa Ulaya nao hawakupona. Kampuni ya D1 Oils iliingia katika soko la hisa la London mwaka 2004. Juni 2007 kampuni kubwa ya mafuta ya BP iliingia nayo ubia wa kupanda mbono, wakipanga kutumia dola milioni 160 katika miaka mitano. Mwezi Julai 2009 BP ilijitoa. Aliyenunua hisa kwa kutazama jina la mbia mkubwa aligundua kuwa mkubwa ana uwezo wa kula hasara na kuondoka, na mdogo hana.

Lipo jambo jingine ambalo wanavijiji huchelewa kulifahamu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji wa nje huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifilisika, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Zao lilikuwa la miaka mitatu, lakini hati ya ardhi ni ya miongo mingi.

Bagamoyo mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya SEKAB ya Sweden ilitaka kulima miwa ya ethanoli katika eneo la Razaba, na ilijitoa mwaka 2009. Leo sehemu ya ardhi hiyohiyo inalimwa miwa na kiwanda cha Bagamoyo Sugar, kinachotengeneza sukari ya mezani. Ndoto ya ethanoli ilikufa, lakini muwa ulipata kazi nyingine.

MAWESE NA BEI YA MAFUTA YA KULA

Muuza duka anaweza kusema kuwa haya hayamhusu kwa kuwa hana shamba. Yanamhusu. Kenya na Tanzania huagiza mawese kwa wingi kutoka Indonesia na Malaysia, na Indonesia peke yake huzalisha zaidi ya nusu ya mawese yote ya dunia. Nchi hiyo imekuwa ikiongeza kiwango cha mawese katika dizeli yake mwaka hadi mwaka: asilimia 30 mwezi Januari 2020, asilimia 35 mwaka 2023, na asilimia 40 mwaka 2025.

Kila asilimia inayoongezwa ni meli za mawese ambazo haziji Mombasa wala Dar es Salaam. Aidha, serikali ya Indonesia hutoza ushuru mawese yanayosafirishwa nje, na fedha hizo hutumika kufidia watengenezaji wa dizeli ya mimea. Kwa maneno mengine, mpishi wa Kariakoo huchangia dizeli ya lori la Jakarta bila kujua.

Mwaka 2022 ulitoa onyo. Vita vya Ukraine vilipokata alizeti ya Bahari Nyeusi, mawese yalipita ringgit 7,000 kwa tani katika soko la Malaysia mwezi Machi. Tarehe 28 Aprili Indonesia ilipiga marufuku kuuza mawese nje, na kuondoa marufuku hiyo tarehe 23 Mei. Matangi yaliyokuwa yamejaa yakafunguliwa kwa pamoja, na Julai bei ilishuka chini ya ringgit 4,000. Aliyejaza ghala Machi kwa kuamini kuwa bei itaendelea kupanda aliuza kwa hasara kabla ya miezi mitano kwisha.

SHERIA NDIYO MNUNUZI

Mwekezaji asisahau kuwa mara nyingi mnunuzi halisi wa mazao haya ni sheria. Marekani hutengeneza ethanoli nyingi ya mahindi kwa sababu sheria za mwaka 2005 na 2007 ziliwalazimisha wauza mafuta kuichanganya. Ethanoli huchukua kati ya theluthi moja na mbili ya tano ya mahindi ya nchi hiyo. Busheli moja, ambayo ni kilo 25.4, iliuzwa kwa dola 2 hivi mwaka 2005, na Juni 2008 ilipita dola 7. Ethanoli haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa sababu.

Kinachotolewa na sheria huweza kuondolewa na sheria. Umoja wa Ulaya uliweka lengo la asilimia 10 ya nishati isiyokwisha katika usafiri mwaka 2009, na shamrashamra nyingi za mbono Afrika zilitokana na lengo hilo. Mwaka 2015 ukaweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta yanayotokana na mazao ya chakula, na mwaka 2018 ukaamua kuyaondoa taratibu mawese katika hesabu hiyo hadi mwaka 2030. India, Desemba 2023, iliwazuia wenye viwanda kutumia maji ya miwa kwa ethanoli baada ya kuhofia upungufu wa sukari, na zuio hilo likaondolewa Agosti 2024. Asubuhi mnunuzi yupo, jioni ameondolewa kwa waraka.

WIMBI JIPYA: NYONYO

Sasa linakuja wimbi jingine. Kuanzia mwaka 2025, Umoja wa Ulaya unataka mafuta ya ndege yanayouzwa katika viwanja vyake yawe na angalau asilimia 2 ya mafuta yasiyo ya petroli, na asilimia 6 ifikapo mwaka 2030. Mafuta ya mazao ya chakula hayahesabiwi. Hivyo macho yamegeukia mbegu zisizoliwa. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu wilayani Makueni, Kenya, mwezi Julai 2022, na mwezi Oktoba ikasafirisha shehena ya kwanza kwenda kiwanda chake cha Gela. Nyonyo ni mojawapo ya mbegu hizo.

Nyonyo, kama mbono, ni sumu. Lakini ina sifa ambayo mbono hauna: mafuta yake yana wanunuzi wa siku nyingi katika vilainishi, rangi, dawa, vipodozi na plastiki. Bei yake hupangwa hasa India, mzalishaji mkubwa kuliko wote. Mkulima mwenye gunia la nyonyo hawezi kuipanga bei hiyo, lakini anaweza kuiuliza kabla hajakubali ya wakala.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayeletewa zao la nishati, maswali ya kuuliza ni machache.

Kwanza, mnunuzi huyu akiondoka kesho, nani mwingine atanunua, na kwa bei gani? Kama jibu ni kimya, asiweke fedha ambayo hawezi kuipoteza.

Pili, mavuno yanayotajwa yamepimwa wapi? Shamba la majaribio lenye maji ya bomba si shamba la Kisarawe wala Makueni.

Tatu, bei imeandikwa katika mkataba, au ni ahadi ya mdomo inayofuata bei ya pipa?

Nne, mashudu yatakwenda wapi? Alizeti ya Singida huuza mafuta jikoni na mashudu kwa wafugaji, na hizo ni kapu mbili za fedha kutoka mbegu moja.

Tano, ni sheria ya nchi gani inayomfanya mnunuzi anunue, na kikomo chake ni mwaka gani?

Mwenye majibu ya maswali hayo matano anaweza kuingia katika biashara hii kama anavyoingia katika pamba au ufuta, akijua kuwa kuna kupanda na kushuka. Asiye nayo na apande mbono kuzunguka kiwanja chake, azuie mbuzi wa jirani. Kwa kazi hiyo mti huo haujawahi kumtia mtu hasara.